Spreyi, Grisi au Raba Mpya: Cha Kununua Kioo cha Gari Kinapong'ang'ania

Katika mji wa Mombasa, kioo cha mlango wa gari hakikwami bila sababu. Hewa ya pwani hubeba unyevu na chumvi mwaka mzima, na vumbi laini la barabarani halikosi. Vitu hivyo hukutana ndani ya mfereji wa raba ambamo kioo hupanda na kushuka, vikagandamana vikawa utandu unaonata. Aliyefungua madirisha katika foleni ya feri ya Likoni ndipo hugundua, anapotaka kuyafunga, kwamba kioo kinapanda kwa kujikokota, kinalia, au kinasimama katikati.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, safisha. Fundi mmoja aliwahi kuniambia kuhusu mlango wangu wa nyuma, "Mzee, hii mota imekufa, tutafute nyingine." Nilimwomba asubiri. Nilizungushia kitambaa chenye maji ya sabuni kwenye kijiti bapa, nikakipitisha ndani ya mfereji kutoka juu hadi chini, na kitambaa kikatoka cheusi tititi, kimeshika chembe za mchanga. Nilirudia mara tatu hadi kikatoka safi, nikaacha raba ikauke, kisha nikapuliza silikoni kidogo; kioo kikapanda hadi juu bila kusita, na mota ile ile ingalipo hadi leo. Ukipaka kilainishi chochote juu ya uchafu, umetengeneza tope tu.

Nafasi ya kwanza naipa spreyi ya silikoni, bila kusitasita. Haidhuru raba, haiondolewi upesi na maji ya mvua za masika, na huacha utando mwembamba unaoteleza. Chagua kopo lenye mrija mwembamba, kwa sababu bila mrija nusu ya dawa itaishia kwenye kitambaa cha mlango, na usome maandishi uhakikishe kuwa inafaa kwa raba na plastiki. Shusha kioo, puliza kidogo ndani ya mfereji wa mbele na wa nyuma, kipandishe na kukishusha mara tano au sita, kisha futa kinachobaki juu ya kioo. Usiruhusu ifike kwenye kioo cha mbele, kwani waipa zitaisambaza na usiku utaona taa za magari yajayo zikiwa na ukungu. Vilevile, ikiwa gari linakwenda kupigwa rangi hivi karibuni, ahirisha kazi hii, maana rangi haishiki vizuri palipoguswa na silikoni na huacha vishimo vidogo vidogo.

Ya pili ni spreyi kavu ya PTFE, ambayo wengi huijua kwa jina la Teflon. Ikishakauka hainati, kwa hiyo vumbi halina pa kushika, na kwa mtu anayeendesha kila siku katika barabara za vumbi huenda ikamfaa kuliko hata silikoni. Naiweka ya pili kwa sababu si kila duka la spea huwa nayo, na bei yake kwa kawaida huwa juu zaidi.

Grisi ya silikoni naiweka ya tatu, na kwa kazi nyingine kidogo: raba nene zinazozunguka fremu ya mlango, zile zinazogandana na bodi gari likikaa juani siku nyingi. Ndani ya mfereji wa kioo ni nzito mno. Gliserini ya duka la dawa ni ya nne. Ni rahisi na haiumizi raba, lakini huvuta unyevu na huoshwa na mvua, hivyo ni ya kukuvusha wiki chache tu.

Sasa nije kwenye kosa ninalolionea uchungu, kwa kuwa huharibu raba nzuri. Raba nyingi za milango hutengenezwa kwa aina iitwayo EPDM, ambayo hustahimili jua na mvua lakini huvimba na kulainika ikipakwa mafuta yatokanayo na petroliamu. Kwa hiyo oili ya injini, grisi ya beringi na mafuta ya kujipaka ya mgando hayafai kabisa, ingawa siku ya kwanza kioo kitateleza vizuri. Spreyi ya WD-40 ya kawaida nayo ilibuniwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu kwenye chuma, si kutunza raba. Kampuni inayoitengeneza huuza pia spreyi ya silikoni, basi usinunue kwa kutazama jina peke yake.

Raba mpya ni ya mwisho kwa sababu ya gharama, lakini kuna wakati haina mbadala. Ibonyeze kwa ukucha: ikiacha alama isiyorudi, ikipasuka, au ikiacha weusi kwenye kidole, hakuna spreyi itakayoifufua. Nenda dukani na kipande cha ile ya zamani ulinganishe umbo la mfereji, na uthibitishe modeli na mwaka wa gari, kwa maana raba iliyozidi unene kidogo tu itakibana kioo upya. Na ikiwa raba ni nzima na safi, imeshapulizwa, lakini kioo kinapanda kikiwa kimeinama upande mmoja au unasikia waya ukikwaruza ndani ya mlango, hapo mwite fundi afungue mlango akague mashine ya kupandishia kioo.