Dresingi za vidonda sugu: ipi ununue kwanza, na utajuaje kama inafanya kazi

Pakiti ya dresingi itakwambia inanyonya kiasi gani. Mara nyingi kiasi hicho kimepimwa dresingi ikielea huru ndani ya maji, wakati wewe utaifunga chini ya bandeji inayobana, kwenye mguu unaotembea. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei, jua kwanza kidonda kinatoa maji kiasi gani kwa siku.

Pima dresingi mpya kwenye mizani ya gramu, ifunge, kisha ipime tena ukiitoa baada ya saa 24. Kila gramu iliyoongezeka ni takriban mililita moja ya maji ya kidonda. Ila hapo pana mtego: dresingi ya sponji hupitisha mvuke kwa mgongoni, hivyo ile inayopumua vizuri huonekana kwenye mizani kana kwamba imenyonya kidogo. Maabara zinazofuata kiwango cha Ulaya cha EN 13726 hujumlisha yote mawili, maji yaliyobaki ndani na yaliyotoka kama mvuke. Mwulize muuzaji jumla hiyo kwa saa 24. Asipokuwa nayo, jipimie mwenyewe uwezo wa kushika maji.

Chukua lita moja ya maji yasiyo na madini, uyeyushe gramu 8.3 za kloridi ya sodiamu na gramu 0.37 za kloridi ya kalisiamu, upashe hadi nyuzi 37. Pima dresingi kavu, itumbukize dakika 30, inyanyue kwa ncha moja, iache ichuruzike sekunde 30, upime tena. Kisha ilaze kwenye sahani na uibebeshe gramu 54 kwa kila sentimita ya mraba, yaani kilo 5.4 kwa pedi ya sentimita 10 × 10. Huo ni mbano wa milimita 40 za zebaki, ambao bandeji za kutibu kidonda cha vena (kinachotokana na mishipa inayorudisha damu vibaya) hulenga kutoa kwenye kifundo cha mguu. Yanayobaki ndani baada ya kubanwa ndiyo unayolipia. Usitumie maji ya bomba: pedi zenye chembe za kunyonya sana huvimba zaidi kwenye maji yenye chumvi kidogo kuliko zitakavyovimba kwenye kidonda, na aljineti, dresingi ya nyuzi zitokanazo na mwani, haiwi jeli bila sodiamu ya kutosha.

Mpangilio wetu

Ya kwanza, kwa kidonda chenye maji ya wastani hadi mengi, ni sponji yenye uso wa silikoni. Haing'oi nyama mpya, na inaweza kukaa siku kadhaa, hata saba kidonda kikitulia. Ibadilishe doa la maji likibakiza sentimita moja hivi kufika ukingoni, na pedi ipite kingo za kidonda kwa sentimita 2 au zaidi kila upande. Soma vipimo kwa makini: yenye kingo za gundi iliyoandikwa 10 × 10 inaweza kuwa na pedi ya 6 × 6 tu, yaani sentimita za mraba 36 badala ya 100.

Ya pili ni dresingi za nyuzi, aljineti au zile za selulosi zinazogeuka jeli. Kwa kidonda chenye shimo hizi huishinda sponji, maana hufuata umbo la ndani. Usizishindilie, ziweke kwa ulegevu na uache ncha nje ili kusibaki kipande. Zinahitaji kifuniko juu, kwa hiyo bei yake halisi ni bei mbili. Kwenye kidonda kikavu hugandamana na kuumiza.

Hidrokoloidi, pedi inayonata na kugeuka jeli, inashika nafasi ya tatu, kwa vidonda vyenye kina kifupi na maji machache. Hutengeneza ute wa manjano wenye harufu ambao wengi hudhani ni usaha. Osha kwanza ndipo uamue. Ukiwepo uambukizo, iache.

Hidrojeli, yaani jeli yenye maji mengi, ni ya kidonda kikavu chenye utando wa manjano, basi. Kidole cheusi kikavu kwenye mguu usiopata damu ya kutosha hakiloweshwi kamwe. Hicho ni cha daktari, na leo hii.

Dresingi zenye madini ya fedha au iodini tunaziweka chini kwa makusudi. Ni dawa za uambukizo, za kutumia takriban wiki mbili kisha kupima upya. Utafiti wa VULCAN wa Uingereza, uliotoka 2009 ukiwa na wagonjwa 213 wa vidonda vya vena, haukuona dresingi za fedha zikiongeza idadi ya waliopona kwa wiki 12. Asali ya jikoni usiiweke kabisa: haijatakaswa na inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria.

Ya mwisho ni gozi kavu. Inaonekana rahisi mpaka uhesabu wiki nzima: kubadilisha mara mbili kwa siku ni mara 14, na kila mara kuna glavu, salaini, plasta na muda wa muuguzi. Sponji inayobadilishwa mara mbili kwa wiki inaweza kuishinda hata ikiuzwa mara tano ya bei.

Nje ya foleni hii ipo dresingi ya sukrosi oktasalfeti. Katika jaribio la EXPLORER la 2018, lenye wagonjwa 240 wa kisukari wenye kidonda kwenye mguu usiopata damu ya kutosha, waliopona kwa wiki 20 walikuwa 48%, dhidi ya 30% kwa dresingi isiyo na kiambato hicho. Ni ya kundi hilo, na kwa kidonda kisicho na uambukizo.

Kupima kidonda chenyewe

Pima urefu mkubwa zaidi na upana unaoukata kwa pembe mraba, zidisha, kisha zidisha kwa 0.785. Kidonda cha 6 × 4 ni sentimita za mraba 18.8, kikifika 4 × 2.5 ni 7.9, upungufu wa 58%. Kwa kidonda cha kisukari, upungufu wa chini ya 50% katika wiki nne ni ishara ya kubadilisha mpango mzima. Anza kuhesabu baada ya nyama iliyokufa kuondolewa, kwa sababu kusafisha hupanua kidonda na utadhani dresingi imeharibu. Tazama pia ngozi ya pembeni: ikiwa nyeupe na laini, dresingi imejaa au inakaa muda mrefu mno.

Namba zisiposogea, usikimbilie dukani. Kidonda cha vena bila mbano, au cha unyayo ambao bado unakanyagiwa, hakiponyeshwi na dresingi ghali.

Unaponunua, anza na vipande 10, si katoni. Kagua alama ya utakaso, tarehe ya mwisho na mshono wa pakiti pande zote nne. Pakiti iliyoachia kona si safi tena hata tarehe ikiwa mbali.