Gari la zamani linakutikisa? Anza kununua hiki, shokapu baadaye

Mwaka jana nilifunga shokapu nne mpya za boksi kwenye IST yangu ya 2004. Hela yake ingetosha kupiga plasta chumba kizima. Kesho yake nikatoka Ipagala, hapa Dodoma, kwenda mjini, na meno yakagongana vilevile kama jana.

Nikarudi gereji nimevimba. Fundi wala hakuchukua jeki, alichukua geji ya upepo. Akainama tairi ya mbele, akanitazama.

"Mzee wangu, hapa kuna 46, upepo umezidi mno. Hata ungefunga shokapu za ndege."

Kwa hiyo mpangilio huu naupanga kwa kile kinachofaa kununuliwa kwanza, na unaanzia chini kabisa, kwenye mpira unaogusa barabara.

Kabla ya kutoa hata shilingi, sikiliza gari lako linalalamika vipi. Likishtuka kwenye kila kokoto, shuku tairi au mipira iliyokauka. Likivuka tuta kisha likaendelea kunesa kama kitanda cha springi, hapo shokapu zimekufa. Kok-kok-kok ukitambaa kwenye mashimo ya mtaani mara nyingi ni linki za stabilaiza (vijiti vya ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) au boljointi (kiungo cha mviringo kinachoacha gurudumu likate kona). Kishindo kimoja cha chuma ukiwa umepakia watu watano, angalia springi. Usukani ukitetemeka kwenye lami tu, ukiwa kwenye 90 kuelekea Kibaigwa, kabalansi tairi kwanza.

Ya kwanza: upepo na tairi

Fundi pancha wengi wanapenda kujaza mpaka tairi ilie ukiigonga. Watakwambia gari linakuwa jepesi. Ni kweli linakuwa jepesi, na linakuwa gumu kama mkokoteni. Fungua mlango wa dereva, usome kibandiko kwenye nguzo. Magari ya Japani huandika kwa kPa, na 230 ni kama 33 kwenye geji ya psi. Pima asubuhi gari likiwa limelala, maana mchana wa Dodoma tairi ikishachemka inasoma juu.

Ukinunua tairi, mpya au za mtumba, tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT. 1821 maana yake wiki ya 18 ya mwaka 2021. Tairi yenye kashata nzuri, yaani michoro ya kukanyagia, lakini umri wa miaka tisa ni mpira uliokwisha kauka, hata kama muuzaji anaisugua kwa kiwi. Na wale tunaopenda rimu kubwa tujue tunachouza: 185/65R15 ina ukuta wa mpira wa kama milimita 120, ukivaa 195/50R16 unabaki na 97 hivi. Umetupa zaidi ya sentimita mbili za godoro ili gari lipendeze kwenye picha.

Ya pili: mipira ya chini

Hapa ndipo ningeanza mimi ningerudishiwa hela yangu. Linki mbili za stabilaiza hazifiki bei ya shokapu moja mpya, na kelele nyingi za magari ya rika hili zinaishia hapo. Kuna bushi, yaani mipira ya kwenye maungio, za mkono wa chini, ule mafundi wanaouita wishiboni, na kuna mauntingi ya shokapu, kile kikombe cha mpira kilicho juu kabisa chini ya boneti.

Mauntingi ndiyo iliyonimaliza. Baada ya kushusha upepo hadi 33 gari lilitulia nusu, ila kulia mbele pakabaki na kishindo. Fungua: fundi wa mwanzo alifunga shokapu mpya juu ya mauntingi ya zamani, mpira umekatika, unaingiza ncha ya kidole. Kuibadilisha ni lazima shokapu itoke tena na springi ibanwe tena, kwa hiyo nililipa ufundi mara mbili. Shokapu za mbele zikishuka, mauntingi zishuke nazo, pamoja na mpira wa kuzuia vumbi. Huo wa vumbi kwa Dodoma usiuache kabisa. Ukichanika, mchanga wa Nzuguni unakaa kwenye fimbo ya shokapu, unakwangua sili, na oili inaanza kuvuja.

Bushi zichague za mpira wa kawaida. Zile za plastiki ngumu za rangi rangi zinadumu, lakini zinaleta mtetemo ndani, na wewe unakimbia mtetemo. Fundi mwenye mashine ya presi ni bora kuliko mwenye nyundo. Kisha simama umwangalie kwenye jambo moja: bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Akizikaza huku magurudumu yananing'inia, bushi itaishi imejikunja, na baada ya miezi michache itachanika. Atakwambia mbona siku zote tunafanya hivi.

Ya tatu: shokapu mpya

Zikihitajika, zinahitajika. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu kisha achia. Ikipanda na kutulia, iko hai. Ikinesa mara mbili tatu, au mwili wa shokapu umelowa oili iliyoshika vumbi, badilisha. Nunua kwa jozi, mbele zote au nyuma zote.

Nenda dukani na namba ya chesesi, usiende na jina la gari tu. IST ya NCP60 na NCP65 si gari moja, ya pili inasukumwa na magurudumu yote manne. Shokapu za mbele nazo zina kulia na kushoto, kwa sababu ya kishikio cha paipu ya breki. Kayaba, yaani KYB, ndiyo jina utakalolisikia kila duka, na ndilo linaloigwa pia. Boksi lenye maandishi yaliyofifia na bei ya kushangaza, liache. Mjini wakikosa, duka la Kariakoo litakutumia kwa basi, ila omba picha ya namba ya spea kabla hujatuma hela.

Ya nne: shokapu za mtumba

(Utani wa watumishi wanaokwenda kazini Mtumba, kwenye mji wa Serikali, kila asubuhi kwamba gari nalo lapaswa kuvaa mtumba, nimeuchoka.) Zina nafasi yake, hasa kwa gari ambalo spea zake mpya ni za kuagiza. Simamisha shokapu wima na ubonyeze fimbo: ishuke taratibu bila kuruka pengo, na ya gesi irudi yenyewe. Fimbo yenye kutu au mkwaruzo, rudisha. Kilomita ilizotembea hakuna wa kukwambia.

Ya tano: springi

Badilisha tu kama imekatika au imelala. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto. Zile nzito zinamfaa anayebeba magunia kila wiki. Ukiwa peke yako na begi, zitakurusha.

Za mwisho kabisa

Kutoboa shokapu, kuijaza oili na kuichomelea: nimeona gari likirudi baada ya wiki mbili. Spesa za kunyanyua gari ili livuke korongo: zinavuka kweli, ila pembe za boljointi na dravshafti (fimbo zinazozungusha magurudumu) zinabadilika na zinakufa mapema. Na yale mapete ya mpira ya kuchomeka katikati ya springi, yanayouzwa kama dawa ya gari gumu. Yanazuia springi isijikunje. Gari linanyanyuka kidogo na ugumu unaongezeka.

Nilinunua manne, kabla hata ya zile shokapu. Sasa mwanangu anayaviringisha uani, na moja limeshachukuliwa na mbwa.

Ukishafunga bushi, shokapu au springi za mbele, pitia wili alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, siku hiyohiyo, kabla tairi mpya hazijaliwa upande.