Tuta la kuzuia mafuriko la bonde letu: kazi linafanya, ila walio chini yake wamezidi

Kwa wanaoniuliza kutoka mabonde mengine ya Pemba kama tuta la udongo ni kitu cha kuombea mradi, jibu langu ni ndiyo, liombeni. Letu lipo kaskazini ya Wete, kwenye bonde la mpunga linaloteremkia mikoko ya upande wa magharibi, na tangu lijengwe hatujapoteza msimu kwa maji ya mvua. Kwa kuzuia mafuriko natoa nyota 5 kati ya 5. Kwa usalama natoa 3, na hizo mbili nilizozikata nitazieleza kwa urefu, maana hapo ndipo watu wanapochanganya mambo.

Lenyewe ni ukuta wa udongo uliokatiza bonde kutoka kilima hadi kilima. Kimo chake hakifiki mita 5, na juu yake panapita baiskeli bila taabu. Wageni hushangaa kulikuta kavu wakati wa kiangazi, wakadhani limeharibika. Halikujengwa kuweka maji ya kumwagilia. Ni beseni lenye tundu chini: mvua kubwa ikipiga vilimani, maji hujikusanya nyuma ya tuta, halafu hutoka kwa bomba la zege lililolazwa chini yake, kwa kiasi ambacho mfereji wetu unakiweza. Zamani mvua moja nzito ya masika ilishusha maji yote kwa mpigo, yakapita juu ya majaluba, yakang'oa miche tuliyokwisha kuiatika na kutuachia mchanga. Siku hizi maji yale yale hupita polepole, na mpunga unabaki umesimama.

Ubavuni mwa kilima umechimbwa mkondo mpana wenye nyasi, nao ndio ninaousifu kuliko kitu chochote pale. Tuta la udongo halistahimili maji kupita juu yake. Yakianza kumwagikia upande wa chini, wa mashambani, hula udongo wa mteremko huo, na kwa muda mfupi tuta zima hukatika. Kwa hiyo maji yakizidi lazima yapate pa kutokea kabla hayajafika juu. Mwaka wa pili mzee mmoja, ami wa mume wangu, akapanda migomba ndani ya mkondo huo kwa sababu aliuona umekaa bure na ardhi yake nzuri. Tulimwendea kwa adabu, tukamwonyesha maji yangepita wapi, na kamati yetu ya tuta, ambayo mimi ni katibu wake, ikampa sehemu nyengine. Aliing'oa mwenyewe. Nayataja haya kwa sababu mkondo mtupu unatamanisha, na kila bonde litakuwa na migomba yake.

Sasa usalama. Mhandisi aliyekuja kulikagua alitueleza kwa mfano wa Marekani, ambako kuna orodha ya taifa ya mabwawa zaidi ya 90,000 inayotunzwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi lao. Katika orodha hiyo bwawa hupimwa na kupangiwa madaraja mawili, yaani ngazi mbili za tathmini, yasiyohusiana. La kwanza ni la hatari: ndogo, ya kati au kubwa. Hilo halisemi lolote kuhusu uimara wa tuta. Linauliza tu, likivunjika, nani yuko chini? Ikiwa yatapotea mazao na njia ya shamba, ni hatari ndogo. Ikiwa huenda mtu akafa, ni kubwa, hata kama tuta limekamilika kila kitu. Daraja la pili ni la hali yenyewe: linaridhisha, la wastani, baya, au halifai kabisa na linataka hatua ya haraka. Lisilokaguliwa huandikwa kuwa halijapangiwa daraja, na mimi nahisi hilo ndilo la kuogopwa zaidi.

Nilipokwisha kuelewa hivyo, nikasimama juu ya tuta nikatazama chini kwa macho mengine. Wakati linajengwa, chini palikuwa na mpunga mtupu mpaka kwenye mikoko. Hatari ndogo, na ndivyo ilivyoandikwa. Leo pembezoni mwa barabara kuna nyumba za matofali, duka, banda la fundi baiskeli na chuo cha Kurani ambacho watoto hukaa mpaka baada ya isha. Watu walijenga hapo kwa sababu hapafuriki tena, na hapafuriki kwa sababu ya tuta. Hakuna aliyeligusa, udongo ni ule ule, lakini daraja lake la hatari limepanda kutoka ndogo hadi kubwa. Marekani yamewafika haya haya: walijenga mabwawa madogo ya namna hii zaidi ya 11,000 kwa kulinda mashamba, na mengi ambayo chini yake palikuwa na mashamba matupu sasa yana mitaa ya watu.

Vijana wetu wakiambiwa hivi hujibu, "Bi Katibu, hili ni dogo, litaua nani?" Udogo haukuwasaidia watu wa Toccoa, jimbo la Georgia, mwezi wa Novemba 1977. Bwawa lao la udongo lilikuwa juu ya chuo, likakatika usiku baada ya mvua, na watu 39 wakafa. Na karibu nasi zaidi, Solai kule Nakuru, Kenya, Mei 2018, tuta la bwawa la shamba lilipasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40. Yote mawili yalikuwa matuta ya udongo kama letu, ingawa makubwa kuliko letu na yenye maji muda wote.

Kwa upande wa hali, mimi naliweka kwenye wastani. Mteremko wake ni wa kulala, umeoteshwa nyasi fupi, na udongo ulishindiliwa tabaka kwa tabaka mbele ya macho yetu. Isipokuwa mahali pamoja. Mashine ya kushindilia haiwezi kusogea karibu na bomba, kwa hiyo hapo ilitakiwa kazi ya mkono, kwa uvumilivu. Mkandarasi aliyepewa kazi alikuwa anakimbizana na mvua, na pale alipaharakisha. Masika yaliyofuata pakaonekana unyevu pembeni mwa mdomo wa bomba, kisha maji yanachuruzika.

Maji kuchuruzika chini ya tuta la udongo si msiba. Linalotazamwa ni rangi yake. Nilikuwa nikikinga kwenye gilasi na kuiacha barazani mpaka asubuhi. Siku za kawaida yalibaki meupe. Baada ya mvua moja kubwa nikakuta chini ya gilasi vumbi jekundu, jembamba, limetanda sawasawa. Huo ni udongo wa ndani ya tuta unatoka nje, na ukiachwa, njia yake hupanuka kurudi nyuma mpaka ifike kwenye maji. Nilipeleka gilasi yenyewe ofisini, sikupeleka barua. Walikuja wakapaweka mchanga safi, juu yake kokoto, juu yake mawe, ili maji yapite na udongo ubaki. Tangu hapo gilasi haijapata vumbi, lakini bado nakinga.

Matunzo mengine ni jasho letu. Nyasi zikatwe, maana zikirefuka huoni mashimo ya panya na kaa, na kaa wa kwetu wanachimba hasa. Miti isiachiwe, hata mpera mdogo: mzizi ukioza huacha tundu refu ndani ya udongo. Wavu wa nondo mdomoni mwa bomba unaziba kwa makumbi na chupa za plastiki, na kuuzibua maji yakiwa yamejaa ni kazi ya kuhatarisha roho, kwa hiyo tunausafisha kabla ya masika na kabla ya vuli.

Nyota mbili zilizobaki ziko mikononi mwa watu, na nazidai waziwazi. Sheha na wenye kugawa viwanja wasitoe kiwanja chengine kwenye njia ya maji chini ya tuta. Walio tayari hapo waonyeshwe wakimbilie kilima kipi. Msikiti wetu una kipaza sauti, na imamu amekubali kitumike wakati wowote maji yakifika alama nyekundu kwenye nguzo ya kupimia; bado hatujalifanyia zoezi usiku, na usiku ndio wenyewe.

Wenzetu wenye mashamba yanayoingiliwa na bahari wasije kuiga hili letu. Hili huyaachia maji polepole yateremke. Maji ya chumvi yanapanda na bamvua kutoka upande wa pili, na yanataka tuta la pwani lenye milango inayofunga maji yakijaa na kufunguka yakitoka. Mkiwa wa mabonde ya juu, njooni mtazame wakati wa masika, siku ya pili ya mvua, ndipo utaliona linafanya kazi.