Stendi ya TV kwa nyumba yenye watoto: ya kuchukua na ya kuacha

Fundi atakuuliza TV ni inchi ngapi. Mwenye mtoto wa miaka miwili ana swali zito zaidi: akipanda, inaanguka? TV bapa ni nyepesi kuliko zile za chogo, lakini ni nyembamba, na nyingi zinasimama kwa vimiguu viwili tu. Ikivutwa mbele kidogo, imeshakuja. Ndiyo maana stendi nimezipanga kwa kigezo hicho, uzuri baadaye.

Ya kwanza ni kabati fupi la mbao, la kuchongesha kwa seremala. Kimo kisizidi sentimita 50, kina kiwe 40 au zaidi, na upana upite ule wa TV. Ya inchi 43 huwa na upana wa karibu sentimita 96, ya 55 karibu 123. Mninga ni mzito, hausogei ovyo, ila bei yake unaijua. Paini na saiprasi za mashamba ya miti ya huku kwetu, Meru na Kilimanjaro Magharibi, zinatosha kabisa mradi zimekauka. Hapo usimwonee fundi aibu, hasa masika: mbao mbichi hujipinda baada ya vanishi, milango ikagoma kufunga. Kona azipige msasa mpaka ziwe mviringo. Na droo akuondolee, kwa sababu droo tatu zikivutwa ni ngazi.

Ukilipenda lililokwisha tengenezwa, lenye droo, omba dumu la lita 10 lijazwe maji. Vuta droo ya juu, litundike pale mbele. Hizo ni kilo 10, uzito wa mtoto wa mwaka mmoja hivi. Wa miaka miwili hufika 12. Miguu ya nyuma ikinyanyuka, aga uende zako.

Ya pili ni breketi ya ukutani. Kwa usalama peke yake ningeipa namba moja, lakini wengi tumepanga, na si kila mwenye nyumba anataka kusikia drili. Gonga ukuta kwanza. Ukilia kama una uwazi ndani, au plasta ikimomonyoka, fisha (vile vijibomba vya plastiki vya kushikia skrubu) hazitashika. Matundu ya nyuma ya TV nayo yaendane na breketi, kwa mfano yaliyoachana milimita 200 kwa 200.

Ya tatu, stendi ya skwea paipu, yaani bomba la chuma la pembe nne, ya fundi wa kuchomelea. Haivunjiki, ila kagua ncha na kona zake kwa kiganja, na rafu ziwe za mbao. Kioo hapana.

Ya nne ni zile za MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, za dukani, zinazong'aa. Adui yake ni deki: maji yanaingia kwa chini, ubao unavimba, skrubu zinalegea, na baada ya muda stendi inayumba ukiigusa tu. Ukishindwa kujizuia, iwekee vimiguu vya plastiki.

Ya mwisho kabisa ni shoukesi refu lenye TV juu, pamoja na stuli au meza yoyote iliyokopwa jikoni. Na kile kitambaa cha kufuma kinachoning'inia mbele, najua mama mkwe ndiye aliyekileta, lakini kiondoe. Mtoto anakivuta na TV inakifuata.

Uchague ipi, ifunge. Mkanda wa nailoni upite kwenye matundu ya nyuma ya TV hadi ukutani, na kabati lishikwe ukutani kwa kona mbili za chuma. Rimoti na midoli visikae juu, maana ndivyo vinavyomwita mtoto apande. Waya wa king'amuzi na ekstensheni vipite nyuma, visiachwe vikining'inia. Kazi hiyo ipatane na fundi tangu unapotoa advansi, na hela iliyobaki umpe akishafunga skrubu ya mwisho nyumbani kwako.