Goti lilikwama miezi saba baada ya upasuaji: uzoefu wangu na kliniki ya fizio Moshi

Nilikatika ligamenti ya mbele ya goti, ile ACL, utepe mgumu unaoshikilia mifupa ya goti, kwenye mpira wa mtaani pale Pasua. Nikafanyiwa upasuaji: wakavuna kano ya nyuma ya paja, wakaifanya ligamenti mpya. Miezi sita ya mwanzo ilienda vizuri. Mwezi wa saba kitu kikaanza kualika upande wa ndani wa goti kila nikigeuka ghafla. Asubuhi moja nimechuchumaa chooni, nataka kusimama, goti likagoma kunyooka. Nilishika ukuta nikamwita mke wangu, akaniinua kwa kunishika kiunoni. Nikatikisa mguu polepole hadi likalia "kak!", ndipo likanyooka.

Nilikokuwa nafanyia mazoezi waliniambia ni kovu, ni kawaida, niongeze uzito. Nikaongeza. Goti likavimba hadi pia ya goti haionekani. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu nililalamika mara tatu.

Jirani yangu wa bajaji ndiye aliyenipeleka kwenye hii kliniki ndogo ya fiziotherapia, mjini, ghorofa ya pili. Dada aliyenipokea hakukimbilia mashine. Aliuliza kwanza: "Goti linakwama, au linalegea kama linataka kukuangusha?" Likilegea, anawaza ligamenti. Likikwama, anawaza meniskasi, yaani gegedu iliyo kati ya mifupa ya goti. Akanilaza, akavuta ugoko kuja mbele mara kadhaa, akasema, "Ligamenti yako imeshika, kaka." Kisha akapitisha kidole gumba pale mfupa wa paja unapokutana na wa ugoko. Alipofika upande wa ndani niliruka kitandani. Mwisho akapima mapaja kwa futi kamba, kama ya fundi cherehani: mguu mbovu ulikuwa umepungua sentimita 3.

Halafu akakataa kunipa mazoezi. Hapo ndipo nilipomwamini. Akaandika barua nirudi kwa daktari wa upasuaji, akaomba nipigwe MRI, picha inayoonyesha hata sehemu laini za ndani ya goti, maana eksrei inaonyesha mifupa, meniskasi haionekani. Majibu yakaja kama alivyohisi: meniskasi ya ndani imechanika, kipande kimejikunja katikati ya kiungo, ndicho kilichokuwa kinazuia goti.

Yule dada alinichorea kwenye karatasi. Kila goti lina meniskasi 2, zimepinda kama mwezi mchanga, zinapokea uzito kati ya mifupa. Damu ya kutosha inafika kwenye ukingo wa nje tu, kwa hiyo mchaniko wa huko unaweza kushonwa ukapona. Ule ulio mbali na ukingo huo mara nyingi kinaondolewa kipande. Wangu ulishonwa, namshukuru Mungu.

Baada ya kushonwa nilitumia magongo wiki 6, goti lisikunjwe kupita nyuzi 90, na kuchuchumaa marufuku kwa miezi 4. Mimi sikuwaza kabisa habari ya choo. Yeye aliniuliza: "Nyumbani choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa?" Nilipomjibu, akanielekeza nimwambie seremala anitengenezee kiti cha mbao chenye tundu. Kiti hicho kimeniokoa.

Kasoro zipo. Hakuna lifti, na ngazi zile kwa magongo ni mateso. Mara mbili nilisubiri zaidi ya saa nzima. Bima hawapokei, ni fedha taslimu, na ukihudhuria mara mbili kwa wiki mfuko unaumia. Natamani waweke hata chumba kimoja cha chini.

Sasa ni mwezi wa nane tangu kushonwa. Tofauti ya mapaja imebaki sentimita 1, na Jumapili nilipanda Kibosho kwa mama bila goti kualika. Mpira hajaniruhusu bado.

Ukienda kwake, beba karatasi za upasuaji wa kwanza, maana lazima aulize ligamenti ilitoka kano gani na meniskasi ilionekanaje siku ile. Na vaa kaptula.