Miezi minane na ufunguo wa USB: uzoefu wangu Mwanjelwa

Nauza parachichi za Rungwe kwa wanunuzi wa Dar es Salaam, na oda zote hupitia barua pepe. Mwaka jana nilibofya kiungo kilichodai akaunti yangu inafungwa. Ukurasa ulifanana na wenyewe kabisa. Nikaweka nywila, ikaingia meseji ya tarakimu sita, nikaziweka nazo. Kumbe upande wa pili kuna mtu anazihamishia kwenye ukurasa wa kweli dakika ileile. Kesho yake mteja akapiga: "Dada, mbona umebadilisha akaunti ya benki?" Namshukuru hadi leo kwa kuuliza kabla ya kulipa.

Fundi wangu wa kompyuta ndiye aliyenishauri ninunue ufunguo wa usalama, kidude cha plastiki kinachochomekwa kwenye USB. Hakina betri wala laini. Niliagiza kwa ndugu aliyekuwa akirudi kutoka Uingereza.

Nilimbana fundi anieleze kwa nini hiki kisiibiwe kama zile tarakimu. Akaanza na kitendawili. Cha bibi jibu lake ni lilelile, ukilisikia mara moja unalo milele. Hiyo ndiyo nywila. Ufunguo huu hutegewa kitendawili kipya kila ninapoingia: seva, yaani kompyuta ya wenye huduma ya barua pepe, inatuma namba ya kubahatisha, ufunguo unaitia saini kwa siri iliyo ndani yake, seva inahakiki saini kwa ufunguo wa wazi (pacha wa ile siri, usiohitaji kufichwa) iliyoutunza siku nilipojisajili. Siri yenyewe haitoki ndani ya kidude. Jibu la leo kesho halina kazi.

Kilichonikuna zaidi ni kwamba kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, huambatanisha jina la tovuti kwenye swali. Fundi akatengeneza ukurasa bandia wenye herufi moja tu tofauti, jicho langu halikuona kitu. Nikachomeka, nikagusa. Jibu: ufunguo huu haujasajiliwa hapa. Mimi nilidanganyika, chenyewe hakikudanganyika. Utaratibu huu unaitwa WebAuthn, ulipitishwa kuwa kiwango rasmi cha wavuti mwaka 2019, kwa hiyo vivinjari vikubwa vyote vinauelewa.

Faida nyingine niliigundua Tukuyu. Mvua za kule mnazijua. Meseji ya kuingilia ilikuwa ikifika nimeshakunywa chai yote. Sasa nagusa tu, naingia.

Maudhi yapo. Nunua viwili siku hiyohiyo na uvisajili vyote. Mimi nilinunua kimoja, nikakisahau kwenye kompyuta ya stationery, nikashinda Uyole siku nzima bila barua pepe. Kama umekiwekea PIN, usibahatishe: ukikosea mara nane mfululizo kinajifunga, na kukifungua ni kufuta kila kitu kilichomo. Angalia pia tundu la simu yako. Changu ni cha USB ya zamani, simu yangu haina NFC (ya kusoma ufunguo kwa kuusogeza tu bila kuchomeka), ikabidi ninunue adapta.

Halafu usichukue cha bei ya chini bila kuuliza. Nilitaka kifungue na daftari langu la nywila, programu iitwayo KeePassXC. Hiyo inatumia mtindo mwingine wa swali na jibu, uitwao HMAC-SHA1, ambao ufunguo wa aina ya YubiKey 5 unaujua na changu hakiujui. Kwa mtindo huo siri inakuwa moja, na unaweza kuiandika kwenye funguo mbili ili ya pili iwe akiba. Ukiipoteza siri hiyo na huna nakala, daftari halifunguki tena. Hakuna wa kumlilia.

Niliuliza kwenye benki yangu kama naweza kuusajili huko pia. Binti wa dirishani aliugeuza geuza, akaniuliza kama ni flashi. Wao bado wananitumia meseji. Kwa hiyo oda za parachichi zina ulinzi wa maana, pesa yake inalindwa na tarakimu sita.