Uzoefu wangu na cherehani ya fremu: mashine nzuri, ila uzi kukatika kulinitoa jasho

Wengi wanaoulizia hizi cherehani za kushonea kwilti kwenye fremu swali lao ni moja tu, eti uzi unakatikakatika? Jibu langu ni ndiyo, unakatika, tena mwanzoni unakatika mpaka utatamani kuirudisha, na kitabu kilichokuja nayo hakisaidii kitu, ukurasa wa matatizo umeandikwa legeza tensheni ya juu, yaani mkazo wa uzi wa juu, halafu basi, wamemaliza. Mashine yenyewe naipenda na nitasema kwa nini, ila maelezo yangu mengi hapa yatakuwa ya uzi manake ndo kitakachokuamulia kama utabaki nayo au utaiuza. Jina la kampuni silitaji, na isitoshe mengi ninayosema ni ya fremu zote, haijalishi umenunua ipi.

Kwa ambao hawajawahi kuitumia: kwenye cherehani ya mezani kitambaa ndo kinatembea, yale meno ya chini yanakivuta na sindano inapanda na kushuka palepale. Kwenye fremu ni kinyume, kwilti imekaa kwenye rola, matabaka yote matatu, kitambaa cha juu, pamba ya katikati na kitambaa cha mgongoni, halafu cherehani iko juu ya kigari chenye magurudumu na wewe unaisukuma kwa mikono kila upande unaotaka. Raha sana. Lakini shida inaanzia hapohapo, kwa sababu sindano ikiwa bado imo ndani ya kitambaa wewe mkono wako unaendelea kwenda, kwa hiyo sindano inapinda kidogo, na ile ndoano ya chini inayozunguka kuja kuchukua uzi inafika inakuta uzi haupo pale inapoutarajia, inaukosa au inaupasua katikati ya nyuzi zake. Ukikimbiza ndo inapinda zaidi. Ndo maana uzi uleule unaokaa vizuri siku zote kwenye cherehani ya mezani ukija kwenye fremu unakuwa kama umerogwa.

Sasa kitu ambacho ningependa mtu aniambie mapema: usikimbilie kugusa tensheni. Uzi ukikatika simama, angalia ulikuwa unaelekea upande gani, halafu ushike ile ncha iliyokatika uitazame kwa karibu. Hayo mawili yatakuambia mengi kuliko kitabu chote.

Mfano wangu mimi, ulikuwa unakatika nikitoka kulia kwenda kushoto na kwenye vile vizingo vya kurudi nyuma, lakini kushoto kwenda kulia nashona kwa raha zangu mpaka mwisho wa kwilti. Tensheni haijui kushoto wala kulia jamani! Ingekuwa tensheni ingekatika kote. Ukiona unakatika upande mmoja tu, shuku sindano kwanza, imekaaje na ni nene kiasi gani. Mashine nyingi za aina hii sindano yake shina ni la mviringo, halina ule ubapa wa sindano za nyumbani, kwa hiyo unaweza kuibana ikiwa imezunguka kidogo na usijue. Ya kwangu inatungwa uzi kutoka mbele kwenda nyuma, na ile sehemu iliyochongwa ndani juu ya tundu lazima itazame nyuma kwenye ndoano. Kwa macho huoni vizuri, kwa hiyo chukua pini nyembamba ichomeke kwenye tundu la sindano iache ining'inie hapo, itakuonyesha tundu linatazama wapi, inatakiwa ielekee kwako moja kwa moja kama mshale wa saa uliopo kwenye 6. Wapo wanaoizungusha kidogo sana ifike kama 6 na nusu ili ndoano ipate uzi vizuri ukielekea ule upande mkorofi, nimejaribu na kwangu imesaidia, ila ni kidogo kweli, ukizidisha inaanza kuruka mishono.

Halafu unene. Ilikuja na sindano za 90/14 (namba mbili za unene uleule), ambazo kwa fremu naona ni nyembamba mno, sijui nani aliamua. 90 maana yake ni milimita 0.9, 100 ni milimita 1.0, 110 ni 1.1, unaweza kusema tofauti gani hiyo, lakini kwenye kupinda ni tofauti kubwa. Nikahamia zile zenye alama ya MR, zimetengenezwa shina gumu makusudi kwa mashine zinazoenda pande zote, MR 3.5 ndo 100/16 na MR 4.0 ndo 110/18. Kwa uzi wa namba 40, ambao ndo wengi tunatumia, 4.0 ndo inakaa kwenye mashine yangu muda mwingi. Na kwa asiyejua, kwenye namba hizi za uzi, namba ikiwa kubwa uzi ni mwembamba, 50 ni mwembamba kuliko 40, wengine wananunua kinyume. Kama huna uhakika sindano inaufaa uzi wako tunga uzi kwenye sindano ambayo haijafungwa, shika uzi ncha zote mbili uukaze kwa mshazari, sindano iteleze yenyewe mpaka chini. Ikikwama njiani tundu ni dogo, na huo uzi kabla haujatulia kwenye kitambaa unapita kwenye tundu hilo mbele na nyuma mara nyingi mno, kwa hiyo utachanika tu.

Tukija kwenye ncha. Ikiwa imechanika manyoyamanyoya, hapo ni msuguano: tundu dogo, sindano butu, au kuna mahali pana kijino, yaani chuma kimechubuka kikabaki na kincha kikali. Ikiwa imekatika safi kama kwa mkasi kuna kitu kikali kimeukata. Na kama ni polyester na ncha imejikunja vizingovizingo, uzi ulivutwa kupita kiasi ndo ukakatika, hapo sasa ndo uende kwenye tensheni kwa amani, au uangalie kama kuna mahali umenasa.

Kijino ndo kilinipata mimi baada ya sindano kuvunjika kwenye makutano ya mishono mingi, pale pembe nyingi zinapokutana kitambaa kinakuwa kinene kama donge. Nikaweka sindano mpya, uzi unakatika, nyingine, unakatika, ncha safi kila mara. Nilifungua lile bamba la chini lenye tundu la sindano, kwa macho halina kitu, nikawasha tochi ya simu bado sioni, nikachukua kipande cha soksi ya nailoni nikakipitisha taratibu kwenye ukingo wa tundu kuzunguka na upande mmoja kikanasa. Kilinasa kidogo tu ila kilinasa. Msasa laini kabisa, ule unaopaka maji, nikausokota mwembamba nikasugua pale polepole mpaka nailoni ikapita bila kushika. Nikapitisha nailoni na kwenye ncha ya ndoano kuangalia pia lakini hiyo usiisugue hovyo, ncha yake ikipotea umbo ni kazi ya fundi. Mambo yakatulia siku hiyohiyo.

Kitu kingine kilichonisumbua kilikuwa cha ajabu, maana nusu ya kwanza ya kwilti inakwenda vizuri kabisa halafu kuanzia katikati uzi unaanza ukorofi. Nikashuku koni ya uzi imefika mahali pabaya, nikabadilisha, vilevile. Kumbe ni rola. Unavyoendelea kushona unakunja sehemu iliyokwisha kwenye rola ya nyuma, inanenepa, na tumbo lake linashuka mpaka linakalia ule mkono wa chini wa mashine. Hapo mashine inakuwa nzito, ukiisukuma inakwama kidogo halafu inaruka, na kila ikiruka sindano iliyomo ndani inapinda. Dawa ni kuinua rola kila baada ya kukunja, kidole kipite kati ya kwilti na mkono wa chini wa mashine, basi. Fremu yangu ina vitundu vya kupandishia pembeni vya hatua kwa hatua, ni vigumu kidogo kuvifikia peke yako, hilo sikulipenda.

Na usikaze kwilti kama ngoma. Video nyingi zinaonyesha watu wanaipiga kofi inalia na wanafurahi, mimi naona ndo wanajitafutia balaa. Kitambaa kikikazwa hivyo hakina pa kukimbilia, kinaing'ang'ania sindano, ukisogeza tu inapinda. Mimi nasukuma kidole kutokea chini na mkono wa juu ujaribu kukishika kile kidole kupitia matabaka yote, nikiweza kushika ncha yake imetosha. Ikilegea zaidi nayo mbaya, kitambaa kinapanda na sindano na mishono inaruka.

Stendi ya uzi iliyokuja nayo sikuipenda hata kidogo. Kile kijiti cha juu chenye jicho kimekaa pembeni badala ya kuwa juu ya katikati ya koni, kwa hiyo uzi unatoka ukisugua upande mmoja, nikakipinda mpaka kikakaa sawa. Nyuzi za polyester zinazong'aa zinateleza, zinamwagika zenyewe chini ya koni na kujibana hapo, mashine ikivuta, tap! Nimeweka kipande cha sponji chini ya koni na kuvalisha kisoksi cha wavu, imekwisha. Na kile kijibamba chenye matundu matatu ambacho wanakuambia utunge uzi kwa kuuzungusha yote matatu, kwa uzi dhaifu wa pamba ruka moja au mawili, kila mzunguko ni msuguano unaongeza.

Kuhusu chini kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, sina mengi. Naweka kile kipimo cha Towa kinachoonyesha tensheni ya bobini kwa gramu, kwangu inakaa karibu na 20, na baada ya kuweka chini sawa ndo nasogeza ya juu, sio kuzungusha zote mbili kwa pamoja. Huna kipimo, ning'iniza kikebe kinachobeba bobini kwa uzi wake, kisishuke chenyewe kama jiwe, ukikitikisa kishuke kidogo kisimame. Pitisha kona ya karatasi chini ya kile kibamba kidogo cha chuma cha kikebe, utashangaa uchafu unaotoka, hasa ukishona na uzi wa pamba. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ndoano kila unapoanza kazi, na ushone kwenye kitambaa cha kutupa kwanza.

Kuna na vitambaa ambavyo vyenyewe ni tatizo, batiki zilizofumwa kwa kubana sana na mashuka ya kulalia watu wanayoweka mgongoni kwa sababu ni mapana. Yanabana sindano. Ukilazimika, sindano mpya kabisa na mwendo wa taratibu. Vilevile kurudia juu ya mshono uliokwisha kushona, ukipita palepale sindano inachoma uzi wa kwanza, na hapo usiulaumu ubora wa uzi.

Upande wa huduma, nilipowaandikia kampuni walionijibu walisema nibadilishe uzi tu, jibu la kuniondoa. Baadaye nilipata fundi wao mwingine, huyo ndo aliuliza maswali ya maana, unakatika upande gani, sindano namba ngapi, akaangalia mwendo wa ndoano na sindano kama vinakutana kwa wakati. Vilikuwa sawa, akanionyesha hata namna ya kuangalia mwenyewe, sindano ikishafika chini kabisa na kuanza kupanda kama milimita 2 na kitu ndo ncha ya ndoano inapita nyuma yake juu kidogo ya tundu. Huyo nampa alama zote, wale wa kwanza sifuri.

Mazuri sasa. Kile kidhibiti cha mishono kinafanya kazi, yaani nikienda haraka au taratibu mishono inabaki urefu mmoja, nimeweka 10 kwa inchi na inashika. Magurudumu yanateleza vizuri ila yachungulie, nyuzi zinazokatika zinajiviringisha kwenye ekseli na mashine inaanza kushtuka ukidhani ni mkono wako. Taa nzuri, kelele sio kubwa, nafasi ya kutosha chini ya mkono kwa kwilti ya kitanda kikubwa. Vishikio vinachosha mabega ukishona muda mrefu, ningependa viwe vinashuka zaidi.

Kwa jumla naipa nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ajili ya stendi na kile kitabu. Nyuzi za metali bado zinanishinda kwenye mashine hii hata kwa mwendo wa kobe, sindano ya tundu kubwa na tensheni ya juu ikiwa imelegezwa karibu yote, kwa hiyo kama ndo unachopanga kushona zaidi omba kuijaribu kwa uzi wako mwenyewe kabla hujalipa.